Mahudhurio ya Letisia

Baada ya chai ya saa nne, Mwalimu Oliva aliweka kiti mbele ya meza yake, akafuta vumbi, akaanza kuwaita wanachuo waliofeli muhula wa kwanza. Kazi ya ushauri alipewa kwa sababu hakuna mkufunzi mwingine aliyeitaka. Hakuisomea popote. Alijifunza kwa kuwasikiliza waliofeli, mmoja baada ya mwingine, na hakuwa na haraka ya kumhukumu mtu.

Alipoita jina la Letisia Akonaay, aliingia mzee mwenye gambuti na koti lililoungua begani.

Oliva alisimama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?"

"Sijambo. Namsubiri Letisia."

"Basi ni mimi. Ni baba yake, Akonaay Margwe. Nilikufa mwezi wa kumi na moja, radi ilinipiga nikifungua ng'ombe."

Oliva alimkaribisha kiti. Habari za radi ile alikuwa amezisikia, maana kijiji cha Daudi si mbali na mjini Mbulu. Padre alikuja akazika, watu wakala wakatawanyika, kisha wazee wa bonde wakasema nyumba ile ikae metimani, yaani itengwe kwa mwiko wa kifo kile. Wa nyumba hiyo wasivuke kijito, wasichote maji pamoja na wengine, wasiingie penye watu, hadi watakapotakaswa. Waliopokea komunyo kila Jumapili walilishika na hilo pia. Kwa hiyo Letisia alikuwa ng'ambo ya kijito, na chuo cha mifugo kilikuwa upande huu.

"Alimpigia simu mkuu wa chuo kuomba ruhusa," mzee alisema. "Akaambiwa ruhusa ni kwa cheti cha hospitali, na kijito si ugonjwa. Akikosa robo ya vipindi anafutwa. Sasa, marehemu hafungwi na metimani. Nikaona nije mimi."

Alikuwa ameingia vipindi vyote. Alikaa nyuma, na likiitwa jina la binti yake alijibu, nao wakufunzi waliweka alama kwa kuwa sauti ilisikika. Darasa lilimzoea upesi. Umeme ukikatika, wanafunzi waliegemeza simu zao kwenye lile bega lililoungua, nazo zikaingiza chaji.

"Lakini mtihani umenishinda," alisema.

Oliva alifungua karatasi zake. Mzee aliishia darasa la nne. Palipoulizwa dalili za ndigana, alieleza kurasa tatu juu ya ng'ombe mmoja mwekundu na jinsi watoto walivyomlilia. Figo alizichora tatu.

"Mengine huyajui, baba, tutayasoma. Mengine unayajua ila hujibu ulichoulizwa. Soma swali mara mbili. Jibu hilo hilo, usiongeze."

"Mara mbili," mzee alisema. "Nisiongeze."

"Ukifeli na marudio, Letisia anadisko. Anarudi nyumbani moja kwa moja."

"Najua. Ndiyo maana sijalala."

Kila jioni walikaa ofisini, Oliva akichora tumbo la ng'ombe ubaoni, mzee akitaja sehemu zake. Herman, kiongozi wa darasa, alipita akachungulia. "Komaa mzee! Ukidisko, sisi tutachaji wapi?"

"Wewe mwenyewe ulipata ngapi?" mzee alimuuliza. Herman akaondoka.

Siku moja Oliva alimwona ameshika shavu, macho yamezama, akamuuliza kama huko alikotoka hawamtafuti.

"Wananitafuta. Wenzangu wamekwisha pumzika. Nimewaambia nina mtoto chuoni, wakanielewa."

Mtihani wa marudio aliufanya akiwa ametulia. Matokeo yalitoka wiki ileile ambayo nyumba yake ilitakaswa. Letisia alivuka kijito alfajiri, akafika chuoni na sanduku kichwani. Mzee alikuwa amefaulu masomo yote.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Wolfgang, aliwaita wote watatu. Kijitabu cha majibu kilikuwa mezani. Juu yake paliandikwa: Akonaay Margwe.

"Pameandikwa 'jina lako kamili'," mzee alisema. "Nikasoma mara mbili. Nikajibu."

Oliva aliangalia chini. Alikumbusha kila kitu jioni zile, ila jina hakulikumbusha.

"Letisia hakuhudhuria, wala hakufanya mtihani," mkuu alisema bila ukali. "Huyo anafutwa. Huyu amehudhuria, amefaulu. Ataendelea muhula wa pili."

"Mkuu, baba huyu amekufa," Oliva alisema.

"Nimeona koti. Kanuni zinauliza mahudhurio na alama. Kama kuna kosa, ni mtu kuitikia jina lisilo lake, na hilo namsamehe kwa umri wake."

"Naiachia nafasi," mzee alisema. "Mpe mtoto."

"Nafasi haihamishwi, mzee. Ukitoka, inakufa tu."

"Na metimani?" Oliva aliuliza. "Si angepewa ruhusa tangu mwanzo?"

"Nikikubali kijito leo, kesho mwanachuo wa Endasak ataniletea mlima." Mkuu alifunga kijitabu. Alikuwa na kikao.

Kwenye korido Letisia alitua sanduku, akamsogelea baba yake kwa adabu. Hawakuwa wameonana tangu mazishi. Alimfuta majivu begani kwa ncha ya khanga.

"Twende nyumbani," mzee alisema. "Nipumzike, nawe ujaribu chuo kingine."

"Kwa kuuza nini, baba? Ng'ombe ndio hao wawili." Letisia alifikiri kidogo. "Wewe kaa. Mmoja wetu amalize."

"Nikimaliza nitamtibu nani, mama? Mimi?"

Letisia alimgeukia Oliva. Alimwomba amwangalie mzee, kwa sababu akisoma sana husahau kukaa karibu na dirisha, naye hewa nzito haiwezi. Oliva alikubali.

Kengele ililia. Mzee aliingia kipindi cha muhula wa pili, akasimama dirishani akimtazama binti yake anavyotoka getini na sanduku kichwani, akishika njia ya Daudi kwa miguu. Alipofika kwenye miti hakuonekana tena. Mkufunzi alikuwa ameshaanza kuandika ubaoni, na mzee, asije akaachwa nyuma, alikaa akanakili.