Usipande Mti

Miaka ishirini na minne nilipikia wasichana wa bweni moja hapa Lushoto. Kisha jikoni akaletwa mzabuni, kijana mwenye vyeti, akatuambia wapishi wa zamani tumpishe. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Mume alishanikimbia siku nyingi, akaoa Tanga, na binti yangu Angel anafundisha huko huko, amepanga chumba kimoja. Nikafunga sufuria zangu mbili, nikarudi nyumbani Lukozi kwa mdogo wangu Kristian.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya kwanza. Sikuchukia, kazi ninaijua. Kristian, ambaye tangu baba afariki mashamba yote yako mikononi mwake, akanionyesha kipande cha mlimani ambacho mvua ilikuwa imekikwangua mpaka mawe yametokeza.

"Lima mboga, dada," akasema. "Ila usipande mti."

Hakuwa na haja ya kufafanua. Kwetu shamba la kuazima hulimwa kabichi, maharage, chochote kinachoisha na msimu. Mti ni habari nyingine. Mwenye mti ndiye mwenye ardhi, na ukiuacha mti wa mwenzio ushike mizizi majirani wakiona, huna tena pa kuanzia kesi.

Nikajenga matuta ya kukinga maji kwa mikono hii. Mafao yangu yakaishia kwenye samadi. Msimu wa pili kabichi zikafunga vichwa vizito, na wiki hiyo hiyo Kristian akaja na shikamoo yake, akakaa, akanywa chai yangu. Shamba lile, akasema, analihitaji mwenyewe. Angenipa jingine, kule juu karibu na msitu. Nikasema haya.

Kule juu nilikuta magugu marefu kuliko mimi. Nikang'oa, nikakinga maji, nikamwaga samadi. Karoti zilipoanza kunenepa, shikamoo ikaja tena. Safari hii shamba lilikuwa la mwanawe, anataka kuoa. Nikasema haya. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyosema, mara mbili, kama mtoto anayetumwa dukani. Nilizoea. Mimi ndiye dada mkubwa, mimi ndiye mvumilivu, na ukoo mzima ulinisifu kwa uvumilivu wangu huku ukila juu yake.

La tatu lilikuwa mteremko wa mawe juu ya njia ya sokoni. Nililitazama, hasira zikanipanda mpaka masikio yakapata moto. Mtu huyu alikuwa amenifanya mganga wa mashamba yake. Yakiugua ananiletea, yakipona anayachukua, na hata kuku wa mganga hatoi.

Nikaenda kitaluni, nikanunua miche arobaini ya matunda ya plamsi. Sikupanda kwa kujificha. Nilingoja siku ya soko, njia imejaa watu, nikawa nachimba mashimo na kusalimiana nao mmoja mmoja.

Kufika adhuhuri Kristian alikuwa amekuja, na nyuma yake mkewe Marta ameshika panga. Walikuwa na baba mdogo Silvano, msemaji wa ukoo, ambaye mara zote mbili aliniambia nimwachie mdogo wangu.

"Shikamoo, dada. Hii ni nini?"

"Marahaba. Plamsi."

"Eliza," akaingilia Silvano, "mti haupandwi kwenye shamba la kuazima."

"Najua, baba mdogo. Ndiyo maana nimeupanda."

Walio njiani wakasimama. Mama mmoja alitua kapu lake la pilipili hoho, akaona bora akae kabisa.

"Ng'oa mwenyewe, dada," akasema Kristian. "Usinitie aibu mbele za watu."

"Nimekuponyea mashamba mawili, ukayachukua yote mawili. Na hili ni la baba yetu, wangu na wako. Kama unasema ni lako peke yako, ng'oa wewe."

Akang'oa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikumshika mkono. Nilimfuata nyuma na jembe, kila mche alioutupa nikauokota, nikaurudisha shimoni, nikashindilia udongo kwa kisigino. Kristian hajainama shambani miaka mingi. Alipofika wa kumi na mbili jasho lilikuwa likimtiririka, akashika kiuno.

"Marta, lete panga nikate kabisa."

Marta hakumpa. Mashamba niliyoyaponya mimi, anayeyalima sasa ni yeye, mumewe akiwa kijiweni. Akachutama kwenye shimo lililokuwa mbele yake, akachimbua udongo kwa panga lile lile, akaokota mche uliotupwa, akausimamisha. Akahamia shimo la pili.

Kristian akamgeukia Silvano. "Baba mdogo, sema basi."

Baba mdogo akawaangalia watu wa njiani, akamwangalia Marta, akakohoa. Sitasema alipata hekima ghafla. Nilimwona anahesabu mashahidi.

"Wewe umeng'oa, wao wamepanda," akasema. "Watu wameona. Na mimi siwezi kusema sikuona."

Kristian akabaki amesimama na udongo mikononi. Kisha akanisogelea, akaniambia taratibu kwa Kishambaa, kama tulivyokuwa tukiongea utotoni, kwamba nitachoka.

Nilimjibu kwa Kiswahili, ili hata wachuuzi waliopanda kutoka Tanga wasikie.

"Nilichoka shamba la kwanza, Kristian. Wewe hukuuliza, na mimi sikusema."