Kumi Bora za Virgil Kostka

Kila mwaka, wiki ya pili ya Februari, theluji ikiwa bado imerundikana barazani na timu za besiboli zimeshakwenda kusini kujinoa, Virgil Kostka alibandua karatasi mbili kutoka ndani ya mlango wa kabati la vikombe, akazilaza mezani na kukohoa kama hakimu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na wachezaji kumi bora wa besiboli wa wakati wote. Ya pili ilikuwa na filamu kumi za kuchekesha kupita zote. Huo wakati wote ulikuwa wakati wa Virgil, kwa sababu mchezaji ambaye hakumwona kwa macho yake, uwanjani, tena kwa kulipa kiingilio, hakuingia. Ukimtajia magwiji waliokufa kabla yeye hajazaliwa, alikujibu, "Hao ni wa vitabuni. Waacheni wenye vitabu wawapange."

Kwenye filamu sheria ilikuwa nyingine. Virgil mwenyewe hakujua kucheka. Kicheko chake kilikuwa pumzi mbili za puani, basi. Kipimo alikuwa Lorna, mkewe. Filamu iliyomfanya Lorna atabasamu haikuhesabiwa. Iliyomfanya ashike mbavu iliingia kumi bora, na iliyomtoa machozi ilipanda juu. Ile ya mchungaji aliyekwama hotelini na mbuzi wa harusi ilimtoa Lorna mbio ukumbini mwaka wao wa kwanza wa ndoa, akitafuta choo huku amejikunja. Ilikaa namba moja miaka arobaini na mmoja, na aliyetaka kuishusha alijua ugomvi wake.

Msimwone kituko. Huyu ni mtu aliyechambua barua kwenye posta ya Lorain, jimbo la Ohio, miaka thelathini na minne, kila barua na kishubaka chake. Alipostaafu mikono ilibaki na tabia yake.

Mwaka huu karatasi hazikulazwa mezani. Zililetwa sebuleni, kwa sababu Lorna sasa alilala sebuleni, kwenye kitanda cha hospitali kilicholetwa na gari, chenye kitufe cha kuinulia kichwa. Saratani ilikuwa imerudi mwezi wa Novemba. Daktari aliwaambia wote wawili, wameketi bega kwa bega, na Lorna akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Miezi mingapi?" Virgil akasimama akasema anakwenda kuangalia gari kama limeegeshwa vizuri. Lilikuwa limeegeshwa vizuri. Alikaa ndani yake dakika ishirini, na tangu siku hiyo hakuuliza daktari alijibu nini.

Hapa lazima niseme jambo moja la watu wa besiboli, la sivyo mtamhukumu bure.

Mrushaji hutupa mpira, mpigaji huungoja na rungu lake. Hutokea siku, si mara nyingi, mrushaji akapita raundi baada ya raundi bila mpinzani hata mmoja kuupiga vizuri mpira wake. Akimaliza raundi zote tisa hivyo, jina lake halifutiki. Lakini wakati jambo lenyewe linaendelea, halitajwi. Wenzake kwenye benchi humhama, wakamwacha peke yake pembeni, hakuna wa kumsemesha wala kumpa maji. Mashabiki hutazama ubao, wakameza mate na kuzungumzia mvua. Anayetaja ndiye anayeharibu. Watu wazima wenye wajukuu, wanaojua hesabu na kulipa kodi, wanaamini hivyo.

Lorna hakujua hilo siku Virgil alipompeleka uwanjani Cleveland, wana miezi minne ya ndoa. Mrushaji alikuwa Orrin Tackett, mrefu, mwembamba, na ilikuwa raundi ya nane. Lorna akasimama, soseji mkononi, haradali kidevuni, akauliza kwa sauti ya kusikika safu tano, "Virgil, mbona mpira wa huyu hawajaupiga hata mara moja?"

Safu nzima iligeuka. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia. Mpira uliofuata ulipigwa ukaenda kutua mbali kabisa, na uwanja mzima ukaguna. Virgil hakufungua mdomo mpaka wanafika nyumbani, na alipoufungua Lorna akamwahi. "Kwani mimi ndiye niliyeurusha?"

Tackett aliwekwa namba tisa. "Angekuwa wa tatu," Virgil aliwaambia wageni kwa miaka mingi, "kama si huyu mama hapa." Na huyu mama hapa alicheka kila mara, maana aliyapenda mambo yote ya mumewe, hata ya kipuuzi.

Kwa hiyo saratani ilipokuja mara ya kwanza, ikakatwa, na daktari akasema hali ni safi, Virgil aliupokea usafi ule kama raundi ya kwanza. Majira ya kuchipua, vipimo safi. Majira ya kupukutika, safi. Mwaka wa pili, wa tatu. Hakushukuru, hakusherehekea, hakutaja. Dada yake Lorna alipopiga simu kuwapongeza kwa kutimiza miaka mitano, Virgil alimpokonya mkewe simu akasema, "Mtandao mbovu," akakata. Kwenye chumba cha kungojea majibu alikaa viti vitatu mbali na mkewe. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka akawa mjinga.

Na ugonjwa uliporudi, mwenye akili angesema basi, mchezo umeharibika, watu waongee sasa. Virgil hakuweza. Alishazoea kulishikilia lile jambo kwa kunyamaza, na kitu fulani ndani yake kilimwambia kwamba akifungua mdomo tu, atamuua. Nimejaribu kumkasirikia kwa hili na nimeshindwa.

"Haya, lete karatasi zako," Lorna alimwambia Jumanne ile ya Februari. Alikuwa amekonda, lakini nywele zilikuwa zimechanwa na shali yake ya kijani iko begani.

"Wachezaji, nafasi ya nne," Virgil akasema. "Kuna watu wanasema Havranek ashuke."

"Watu gani? Si wewe tu."

"Nasema kuna maoni."

"Havranek alikuwa anakimbia kama kavaa ndala, Virgil. Kila siku nakwambia."

"Lakini mkono! Wewe mama, ule mkono uliuona au ulisimuliwa?"

"Niliuona. Nilikuwa nimekaa pale nagandishwa na baridi nikiutazama." Akavuta pumzi. "Virgil, nataka tuongee."

"Si tunaongea?"

"Juu yangu."

"Tumefika ya nne tu."

Lorna akamtazama. Kisha akatabasamu, na Virgil akafikiri hatari imepita. "Basi tuandike orodha ya tatu," akasema. "Ya kwangu. Kumi bora za vitu ninavyoviogopa. Chukua kalamu. Namba moja—"

"Lorna."

"Namba moja ni—"

"Usitaje!"

Alisema kwa ukali, mkono juu kama anasimamisha gari barabarani. Wote wawili walishtuka. Nje gari la kuzoa theluji lilipita likikwaruza lami, likaishia kwenye kona.

"Haya," Lorna akasema mwishowe, taratibu. "Havranek abaki wa nne."

Virgil akaandika. Mungu amsamehe, alishusha pumzi. Alijiona kama mtu aliyeokoa jambo. Lorna hakumwomba tena kuongea, si siku ile wala siku nyingine, na Virgil akadhani ni kwa sababu anajisikia nafuu.

Siku za Jumanne na Ijumaa alikuja Renata Gill, mhudumu wa kuuguza wagonjwa majumbani, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi aliyevaa raba nyeupe na kuita kila mtu mzee wangu, mama yangu. Alimwosha Lorna, akambadilishia shuka, kisha akafunga mlango wa sebule na kukaa naye. Virgil, akiwa jikoni anachemsha supu ya kuku na tambi, alisikia sauti zao zikienda chini kwa chini muda mrefu. Akiingia na bakuli, zilikatika. Siku moja alimsikia Lorna akicheka, kicheko chenyewe, kile cha kushika mbavu, na akaona wivu.

"Mlikuwa mnacheka nini?" alimuuliza Renata mlangoni, akimpa koti lake.

"Ah, mambo yetu ya kike, mzee wangu."

"Ni filamu gani?"

Renata akamwangalia kwa huruma ambayo Virgil hakuielewa. "Hapana. Si filamu."

Machi ilipofika katikati Lorna aliacha supu, kisha akaacha maji. Renata sasa alikuja kila siku. Alhamisi asubuhi Lorna hakufumbua macho. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja tena. Renata alimshika mkono, akamgeukia Virgil.

"Ni leo au kesho, mzee. Kama una la kumwambia, mwambie. Masikio ndiyo huondoka mwisho."

Akatoka akamwachia nafasi. Virgil alivuta kiti. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya aina moja. Akamwambia timu yao imefungwa kwenye mechi ya mazoezi, lakini mechi za mazoezi si kitu. Akamwambia kuna kijana mpya, mrushaji wa mkono wa kushoto, huenda siku moja akafaa. Akamwambia amefikiri sana na kweli Havranek alikuwa mzito wa miguu, anashushwa mpaka wa saba, Lorna ameshinda. Akangoja. Pumzi ilikuja, ikakawia. Alijaribu kulisema lile lingine na ulimi ukagoma kabisa, ukakaa mdomoni kama wa mtu mwingine.

Akainuka akaenda jikoni. Renata alikuwa amesimama karibu na sinki, anakausha glasi ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Alikuwa anaogopa nini?" Virgil akauliza.

Renata akaigeuza glasi, akaendelea kuikausha.

"Najua alikwambia. Mlikuwa mnaongea. Mimi mumewe nakuuliza, alikuwa anaogopa nini?"

"Aliniomba nisikwambie, mzee wangu."

"Kwa nini?"

"Alisema wewe una miiko yako. Alinieleza, mimi sijui mambo ya besiboli, sikuelewa vizuri. Alisema jambo likiwa linaendelea halitajwi, na kwamba ukilisikia utaona ni wewe uliyeliharibu." Renata aliweka glasi chini. "Akasema aliwahi kukuharibia mara moja, siku za mwanzo, na hataki kukuharibia tena. Tulicheka sana siku ile. Alinisimulia na ile haradali."

Virgil alishika ukingo wa meza. Miezi minne mkewe alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, na si kwa sababu alisahauliwa. Alikaa pale kwa ajili yake.

"Niambie," akasema. "Nakuomba, Renata. Hakuna mchezo tena. Niambie."

Renata akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Kifo hakukiogopa sana. Maumivu alisema anayaweza. Alikuwa anataka kujua kama utaumia. Ndiyo hilo tu, kila siku analirudia. Kama akiondoka utaumia, au utaendelea tu na mambo yako. Nikamwambia, mama yangu we, miaka arobaini na mmoja, mtu ataachaje kuumia? Akaniuliza, 'Kwani alikwambia?' Nikasema hapana, hajaniambia." Sauti ya Renata ikapungua. "Akasema, 'Hata mimi hajaniambia.'"

Virgil alirudi sebuleni mbio, mtu wa miaka sabini na mmoja, akagonga nyonga kwenye kona ya meza asiisikie. Hakukaa kwenye kiti. Alipanda kitandani kwa magoti, akamshika Lorna mkono, akafumba macho kwa nguvu na kulisema lote. Kwamba anaumia. Kwamba ameumia tangu siku ya daktari, na kabla ya siku ya daktari, miaka sita anaumia kila asubuhi kabla hajatia mguu chini. Kwamba hajui atakula na nani, wala hataki kujua. Kwamba alikaa viti vitatu mbali kwa sababu ya woga, Lorna, woga tu, wala si kitu kingine. Alisema kwa sauti kubwa mpaka ikakwaruza, akarudia yale yale, akachanganya, akaanza upya. Mkono wa mkewe ulikuwa na joto bado ndani ya wake.

Hakujua amesema muda gani. Alihisi kiganja mgongoni, akafumbua macho, akamwona Renata ameinama upande wa pili wa kitanda, vidole viwili shingoni mwa Lorna. Alivikawiza pale. Kisha akaviondoa, akamtengeneza Lorna shali begani.

"Mzee wangu," akasema. "Ameshakwenda."

"Sasa hivi?"

Renata alikuwa mwanamke mkweli, na nafikiri siku ile alitamani asingekuwa hivyo. Aliangalia uso wa Lorna, akamwangalia Virgil.

"Nadhani ni tulipokuwa jikoni."

Virgil aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akalala kando ya mkewe juu ya shuka, viatu miguuni, uso karibu na sikio lake, na akaendelea kumwambia, kwa sauti ya kawaida sasa, jinsi alivyoumia.