Salfa ya Bwana Shamba

Tusimsingizie Evodius: hakuanza kuwa mtoro wa kliniki siku ya kwanza. Siku ya kwanza alihudhuria, akaambiwa ana presha ya macho, akapewa dawa ya matone na tarehe ya kurudi kila miezi mitatu. "Huumii, lakini ukizembea utapofuka," daktari alimwambia. Evodius alisikia vizuri ile "huumii".

Tarehe ya pili iliangukia msiba wa jirani hapo Misugusugu, angefanyaje? Ya tatu alipiga simu kuahirisha, kwa sauti yake ya zamani ya ofisini: "Nina udhuru." Udhuru wenyewe ulikuwa chanjo ya kuku kumi na moja. Ya nne hakujisumbua hata kutunga uongo. Gazeti anasoma, akakae foleni na wagonjwa kwa lipi? Matone yalipokwisha, chupa tupu ikabaki juu ya kabati, naye akawa anaifuta vumbi. Mtu mzima, jamani!

Tena si mtu hivihivi. Alikuwa bwana shamba miaka ishirini na tisa kule Masaki ya Kisarawe, akiwafokea wakulima wa korosho kwa kuchelewa kupiga salfa, ile dawa ya unga ya kukinga mikorosho. Siku hizi akikumbuka alivyokuwa akifoka, anatamani ardhi immeze.

Basi jioni moja mkewe Eugenia alirudi kutoka kituo cha basi cha Kwa Mathias amenuna.

"Baba Recho, siku hizi unaringa? Mzee Salehe wa Masaki nimemkuta pale kituoni. Anasema asubuhi alikunyooshea mkono, ukampita tu."

"Mimi? Sikumwona!"

"Alikuwa kushoto kwako, hatua moja."

Evodius akacheka. Ili amkomeshe mkewe, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, amwonyeshe kwamba la kushoto ni zima. Akaona pua ya Eugenia na nusu ya mdomo. Sehemu iliyobaki ya Eugenia haikuwepo. Hofu ikamshika.

Kesho yake alifika kliniki kabla milango haijafunguliwa. Kwenye benchi alimkuta Salehe, aliyelala kwa bintiye mjini ili asichelewe.

"Shikamoo, mzee Salehe. Nisamehe, jana jicho liliniangusha."

"Marahaba, bwana shamba. Hata mimi ni presha ya macho. Mwaka wa pili huu, sijakosa tarehe."

"Na huumwi?"

"Siumwi."

"Sasa unakujaje kila mara, toka Masaki kote huko?"

Salehe akamshangaa. "Si wewe uliyetufundisha? Ulisema ugonjwa wa mkorosho ukingoja uuone kwenye ua, ua limeshakufa. Salfa inapigwa kabla. Tena ulitufokea!"

Evodius akainamisha kichwa hadi jina lake lilipoitwa.

Ndani, daktari alipima kwa muda mrefu. "Kilichopotea kushoto hakirudi, mzee. Tulinde jicho la kulia." Evodius alilia palepale, mbele ya kijana wa rika la mwanawe Recho, na wala hakuona aibu.

Tangu hapo, kila ikibaki siku moja kabla ya kliniki, simu yake huita. Ni Salehe.

"Bwana shamba, kesho tunapiga salfa. Udhuru sitaki."

"Nitakuja, mzee," hujibu Evodius kwa adabu.

Na wakifika kwenye benchi, Salehe humzunguka, akakaa kulia kwake, ndipo anyooshe mkono.