Siri Aliyopewa Mpare

Tangu maduka ya soko yanafunguliwa, Bibi Generosa alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mboga cha Ravi, pale Tooting, ameshika ubao wenye karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kalamu za London zina miguu. Alikuwa anaomba watu waweke sahihi ili choo cha sokoni kifunguliwe tena. Sahihi zikitosha, madiwani hawana ujanja, lazima jambo liingie kikaoni. Na mwisho wa kukusanya ulikuwa jioni ya siku ileile.

Hazikutosha. Hata nusu hazikufika.

Watu walimkwepa. Wengine walidhani anahubiri. Bwana mmoja alimwekea sarafu juu ya ubao akaenda zake, na Bibi Generosa akaipokea, kwa sababu yeye ni Mchaga na sarafu ni sarafu.

"Mama, hii karatasi iko ya nini?" aliuliza Sidonie, Mkongo anayefanya usafi hospitalini, kapu lake limejaa sombe, kisamvu cha kwao.

"Ya choo, mwanangu. Si unaona wamekitia kufuli?"

"Na nani iko na shida ya choo?"

Hapo ndipo Bibi Generosa alipokuwa anakwama kila mara. "Watu," alijibu. "Watu wote."

"Watu wote, huyo si mutu," Sidonie akasema. "Mi siandike jina yangu kwa karatasi kama sijue ni juu ya nani." Akabeba kapu lake akaondoka.

Mwenye shida alikuwa na jina, ila Bibi Generosa aliapa kutolitaja. Aliitwa Champa. Alizaliwa Moshi, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, barabara ileile ambako mama yake Generosa alikuwa akiuza ndizi. Lakini wawili hao walikuja kujuana uzeeni, huku huku Tooting, siku Generosa alipomsikia mama wa Kihindi kituoni akimlaani dereva wa basi kwa Kiswahili kizuri kabisa. Tangu hapo benchi la sokoni likawa lao kila Jumamosi. Champa analeta chai ya tangawizi kwenye chupa, Generosa analeta umbea.

Mpaka Jumamosi moja ya Kwaresma. Champa alishikwa na haja, akakimbilia chooni, akakuta kufuli. Alisimama pale mlangoni amelishika lile kufuli kama mtu anayelibembeleza, na sari yake ya kijani ikalowa. Generosa alifungua chupa ya chai, iliyokuwa imeshapoa, akaimwaga yote juu yao wawili, kisha akapiga kelele: "Jamani, mzembe mimi! Nimemlowesha mwenzangu!"

Watu waliamini. Champa hakurudi tena sokoni.

"Uniapie, Mama Method," Champa alimwambia Generosa siku ile. "Hutamwambia mtu."

"Naapa, Mama Sunny."

Sasa mwanawe Sunny anamwagizia mboga kwa Ravi kwa simu, zinaletwa mlangoni zimeviringishwa plastiki kama maiti, na Generosa anakaa benchini na njiwa. Njiwa hawana umbea wowote.

Basi maneno ya Sidonie yakamkaa. Kweli, nani atamhurumia mtu anayeitwa watu wote? Lazima apatikane mmoja, mwenye sura. Akatupa macho huku na huku, na hapo akamwona Mzee Mshana, dereva wa basi mstaafu, anavunja ncha za mihogo ya Ravi aone kama imeoza, moja baada ya nyingine, na hanunui hata mmoja. Mpare huyo. Na Wapare na Wachaga ni watani wa tangu na tangu. Tusi la mtani halina kesi, na mtani akipata la kukucheka ni haki yake kulitangaza hata kwenye msiba wako.

Bibi Generosa akatabasamu peke yake.

"Mtani, njoo. Nina siri."

"Mchaga hana siri. Ana bei."

"Nisikilize, na usimwambie mtu. Siku ile niliyomwaga chai pale chooni... nilikuwa nimejikojolea. Chai ilikuwa ya kuficha."

Mzee Mshana alimtazama, midomo inamcheza. "Wewe?"

"Mimi."

"Sitamwambia mtu," alisema, akaondoka mbiombio hata fimbo yake akaisahau.

Haukupita muda, sauti ikasikika kutoka kwenye bucha la Imran: "Jamani wa Tooting! Msaidieni Mchaga wangu! Barafu ya Kilimanjaro imeyeyuka, maji yamefika sokoni! Wekeni sahihi kabla hatujaogelea!" Halafu akalitafsiri lote kwa Kiingereza, asije akabaki mtu hajaelewa.

"Nyamaza, Mpare mpenda kesi!" Generosa akamrushia. "Uliuza ng'ombe kugharimia kesi ya kuku!"

"Na nikashinda!"

Soko likacheka, na waliocheka wakaja. Imran alikuja anafuta mikono kwenye aproni, akasema hata mama yake hatoki nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Mama mmoja alimshika Generosa mkono, akamnong'oneza, "Na mimi." Mzee mwingine aliweka sahihi huku anatazama pembeni, kana kwamba anamwekea jirani. Sidonie naye akarudi.

"Kumbe ni weye, mama? Si ungesema!" Akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba.

Ravi, kwa huruma, alimletea Generosa kiti. Kisha akafikiri kidogo, akatandika mfuko wa plastiki juu yake. Generosa alihisi uso unamwaka. Aibu ni aibu hata kama umeinunua mwenyewe. Akakaa, plastiki ikalia kwachakwacha, akanyoosha ubao kwa aliyefuata.

Alasiri akatokea Champa. Amevaa sari ileile ya kijani, chupa ya chai mkononi, na hasira usoni.

"Mama Method! Umefanya nini? Ravi kamwambia Sunny, Sunny kanipigia simu anacheka!"

"Niliapa sitasema lako. Nimesema langu."

"Na uwongo huo utauungama wapi?"

"Kwa padre wetu. Mpolandi yule, hataelewa."

Champa hakucheka. Alikitazama kiti, akauona mfuko. Akamwinua Generosa kwa mkono, akautoa ule mfuko, akaukunja vizuri, akamrudishia Ravi. Kisha akachukua kalamu. Akaliandika jina lake.

"Na wewe mzee," akamwambia Mzee Mshana kwa sauti ya kufika mpaka bucha, "tangaza vizuri. Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi."

"Nilijua, mama," Mzee Mshana akasema polepole. "Mchaga hamwagi kitu bure."

"Sasa mbona ulipiga kelele zote zile?" Generosa akauliza.

"Mtani amenipa zawadi, niikatae?"

Hapo Champa akacheka, kwanza kwa pua, halafu mabega yote. Wakakaa kwenye benchi lao, njiwa wakafukuzwa, chai ikanywewa, ubao ukapitishwa. Kabla ya jioni sahihi zikawa zimetosha na kuzidi, na ikagundulika kwamba Mzee Mshana, aliyewaita wengine wote, yake hajaweka.

"Yangu inalipiwa," alisema.

"Utalipwa muhogo. Mmoja. Weka!"

Akaweka. Na wakati huohuo Champa akamshika Generosa kiwiko. Chai aliyokunywa ilikuwa imefika chini. Madiwani walikuwa bado hawajakaa, kufuli lilikuwa palepale.

"Mama, choo kipo kimoja nyuma ya duka langu," Imran akasema. "Karibu wakati wowote. Ila njia inapita buchani."

Champa hajala nyama tangu kuzaliwa, wala kuikaribia. Alifumba macho, akauminya mkono wa mwenzake, wakaingia katikati ya mbuzi walioning'inia.

"Mama Method, nikifia humu ndani, mwambie Sunny nilifia kwenye mboga."

"Tembea, Mama Sunny. Mbuzi hawa hawasemi."