Ngome Iliyopiga Dirisha la Kanisa

Mume wangu Hedley aliwatembeza wageni katika ngome yetu kwa miaka kumi na tisa. Alipofariki Februari aliacha sentensi tatu za kuandikwa kwenye ubao mpya wa langoni: "Ngome hii ilijengwa enzi ya Malkia Viktoria kuwazuia Wafaransa. Mizinga ilipofika, Wafaransa walikuwa tayari vitani dhidi ya Wajerumani. Tangu hapo imepiga shabaha moja tu: dirisha la kanisa letu, siku ya mazoezi."

Nilitaka sentensi hizo zibaki. Sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Kamati yetu ya kujitolea ilikutana kwa chai katika chumba cha zamani cha baruti. Mwenyekiti, Kanali mstaafu Tregear, aliyepigana vita vyake vyote ghalani akigawa mablanketi, alivaa miwani akasoma.

"Bi Pascoe, marehemu alikuwa mcheshi. Lakini ubao si mahali pa utani. Tuandike, 'Ililinda taifa.'"

"Dhidi ya nani, Kanali?"

"Dhidi ya waliotaka kuja."

"Basi hata banda langu la kuku linalinda taifa. Sijaona Mfaransa akilikaribia."

Katibu wetu, Muriel, alichekea kikombeni. "Loveday, mpenzi, usimchokoze. Atahutubia mpaka chai ipoe."

Kwetu watu hawagombani. Husema "wazo zuri sana," kisha wakalizika. Kanali akasema sentensi za Hedley ni nzuri sana, zipelekwe kwenye kamati ndogo. Kamati ndogo ilikuwa yeye na mbwa wake.

Nilisimama, nikaifunika keki ya tangawizi niliyoileta kabla haijakatwa, nikavaa koti.

Vikombe vyote vikashuka mezani. Pale watu wamewahi kufiwa, kuachwa, hata kufungwa, lakini hakuna aliyewahi kuondoka na keki.

"Unaichukua?" Kanali aliuliza, uso umemshuka kama mtu aliyeona manowari za adui hatimaye.

"Nayo inasubiri uamuzi wa kamati ndogo."

"Tupige kura sasa hivi," Muriel akasema, kisu tayari mkononi.

Mikono yote iliinuka. Wa Kanali uliishia begani.

Ubao ulisimikwa Mei. Sentensi zote tatu zipo. Chini yake Kanali ameongeza yake, kwa herufi ndogo: "Hata hivyo, hawakuja."

Nimeiacha. Hedley angemwonea wivu kwa utani huo, ila Kanali hakutania.