Siku Uwanja wa Homa Bay Uliposiribwa

Njiti fupi ilimwangukia Nicanor, na Kapteni Mayaka akacheka mpaka chai ikampalia. Ilikuwa chai yake mwenyewe, aliyoibeba kwa chupa kutoka nyumbani, kwa sababu chai ya kampuni ilikuwa imeondolewa tangu Mkurugenzi aanze kubana matumizi.

"Kijana, Mungu amekuchagua," alisema Mayaka akijipiga kifua.

"Mungu gani, Kapteni? Aliyeshika njiti ni wewe!"

Walikuwa wameketi watatu chini ya bawa la ndege, katika uwanja wa Kisumu, na hao watatu ndio waliokuwa marubani wote wa Kampuni ya Ndege ya Mbayuwayu. Mayaka, Mkisii mwenye kipara na tumbo la heshima, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mirumbe, Mkuria, hakuweza kunyamaza hata akiwa usingizini. Nicanor Odira ndiye aliyekuwa mdogo wao, mtoto wa Homa Bay aliyetoka mafunzoni mwaka uliopita, na shati lake la urubani lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Kampuni ilikuwa na ndege mbili ndogo zenye mikia ya njano, na njia yake ilikuwa moja: Kisumu, Homa Bay, Migori, na kurudi.

Njia hiyo sasa ilikuwa inakufa. Mkurugenzi, Bwana Gisiri, alikuwa ameamua kuziuza ndege zote mbili akodi moja kubwa ya kuruka kutoka Nairobi hadi London. Ndege hiyo ingekuja na marubani wake wenyewe kutoka ng'ambo. Mkataba ulikuwa wa kutiwa sahihi Ijumaa. Leo, kwa mara ya kwanza tangu aingie ofisini, Mkurugenzi alitaka kuiona njia ya Migori kwa macho yake, apate kuwaaga wateja kwa adabu, na rubani wake wa leo alikuwa Nicanor. Ilibidi mtu amwambie marubani wanaonaje, ndiyo maana wakapiga kura kwa njiti. Mkurugenzi alikwisha kuwauliza, kwa kweli, mmoja mmoja ofisini mwake, na kila mmoja alijibu kwamba mpango ni mzuri sana.

"Mimi nilisema ni mzuri mno," alikiri Mirumbe. "Hiyo 'mno' sijui ilitoka wapi."

"Ilitoka kwenye woga," alisema Mayaka. "Haya, sisi tunaenda Migori sasa hivi na ndege ya mizigo. Nicanor, mwambie yote. Mwambie kampuni haiongozwi kwa kutazama ramani ukutani."

"Na umwambie chai irudishwe," alisema Mirumbe.

Nicanor aliitikia kwa kichwa. Lakini ndani yake, chini kabisa ya woga, kulikuwa na kitu kilichokuwa kinarukaruka kama mwanambuzi. Aliamini kwa moyo wote kwamba mtu akiambiwa ukweli kwa upendo atausikia. Nchi ilikuwa na miaka mitatu ya uhuru, yeye alikuwa na miaka ishirini na minne, na asubuhi ziwa lilikuwa liking'aa kama sinia mpya. Ingewezekanaje mambo yakaharibika?

Bwana Gisiri alifika na mkoba wake wa ngozi. Alikuwa mtu mpana, mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikawa kioo. Aliketi mbele kando ya Nicanor, na kabla magurudumu hayajaacha ardhi alikuwa amekwisha kuanza.

"London, Nicanor! Unaelewa? Mpango wa miaka kumi. Mwaka wa kwanza London, wa pili Bombay..."

"Bwana Mkurugenzi, mimi na wenzangu..."

"Wa tatu Roma!"

Walivuka Ghuba ya Winam. Mitumbwi huko chini ilionekana kama punje za mtama. Kila Nicanor alipofungua mdomo, Mkurugenzi alifungua mji mwingine. Walipofika usawa wa kilima cha Asego, kile kinachosimama juu ya Homa Bay kama kofia iliyosahauliwa, mpango ulikuwa umefika mwaka wa tisa na Nicanor alikuwa hajamaliza sentensi hata moja.

Aliinamisha pua ya ndege, akautafuta uwanja. Akautazama. Akautazama tena. Uwanja wa Homa Bay, aliouzoea mwekundu na wa vumbi, leo ulikuwa wa kijanijani, laini, unaong'aa.

Hapa yafaa ijulikane jambo moja. Wiki iliyopita Nicanor alikuwa amemwambia shangazi yake Zilpah, ambaye kwa Kijaluo alimwita Waya, kwamba mkubwa wa kampuni anakuja mwenyewe. Hakusema zaidi ya hapo. Waya Zilpah alikuwa kiongozi wa wanawake waanikao omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya uwanja siku zisizo na ndege, na habari hiyo ilimnyima raha. Mgeni mkubwa, anakuja mara ya kwanza, akanyage vumbi? Hata kwa mjane maskini kabisa, mgeni wa maana akitarajiwa, sakafu husiribwa kwa samadi ya ng'ombe na udongo, ikalainishwa kwa kiganja mpaka ikapendeza. Basi tangu alfajiri wanawake wa vijiji vyote vya karibu walipiga magoti uwanjani na ndoo zao, wakasiriba kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, huku wakiimba. Walichora hata maua pembezoni.

Magurudumu yaligusa chini bila sauti. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza. Ya pili ilikuwa harufu. Nicanor akakanyaga breki, na ndege haikujali hata kidogo. Iliendelea kuteleza, taratibu, kwa madaha, kama bibi harusi, kisha ikaanza kugeuka ubavu.

"Nicanor?" aliuliza Mkurugenzi. "Ni kawaida hii?"

Nicanor hakujua baadaye ni nini kilichomfungua. Labda mtu hawezi kushika usukani na siri kwa wakati mmoja. Miguu ikicheza juu ya pedali, mikono ikivuta huku na huku, maneno yakamtoka kama maharage gunia linapopasuka.

"Bwana Mkurugenzi marubani tunaona unakosea! London kuna wakubwa wenye ndege mia, watatumeza kwa kiamshakinywa! Huku mvua ikinyesha barabara ya Migori inakuwa uji, watu hawana njia ila sisi! Wagonjwa, walimu, wachimba dhahabu wa Masara! Na samaki! Ngege wa asubuhi anaweza kuliwa Nairobi mchana, na hakuna anayembeba! Tuwe wakubwa hapa kwanza! Na hutuulizi, bwana, au unatuuliza ukiwa umekwisha amua, na sisi waoga tunasema ni mzuri mno! Na chai!"

Ndege ikamaliza kuzunguka, ikazunguka tena kidogo kama inayoaga, ikasimama. Pua yake ilitazama ilikotoka. Mbele ya kioo, karibu kabisa, kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, chupa ya soda, na Waya Zilpah akiwa ameinua mikono juu.

Kisha vigelegele vikapasuka kutoka pande zote. Watu wa Homa Bay walidhani ndivyo ndege inavyotua ikiwa imembeba mkubwa.

Bwana Gisiri alifungua mlango, akashuka, na kiatu chake cha kioo kikaenda upande wake na yeye akaenda upande mwingine. Akaketi chini, pwaa, suti ya kijivu na yote. Vigelegele vikakatika.

Nicanor alifumba macho. Kazi imekwisha, aliwaza. Na njia imekwisha, na Mayaka atanyonga mtu.

Alipofumbua, Mkurugenzi alikuwa bado ameketi. Alikuwa amepitisha kiganja juu ya ile sakafu, polepole, kisha akakinusa.

"Nani amesiriba hapa?" aliuliza.

"Sisi, bwana mkubwa," alisema Waya Zilpah. "Sisi wamama wote. Mgeni hawezi kuja kwa vumbi. Lakini sasa umekuja mapema! Haijakauka!"

"Uwanja mzima?"

"Mzima. Ata maua tumeweka, pale kando. Hukuona maua?"

Mabega ya Bwana Gisiri yakaanza kutikisika. Nicanor alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichoanzia kwenye suti na kupanda hadi kwenye masikio.

"Mama yangu kule Kehancha," alisema alipopata pumzi, "alikuwa akisiriba nyumba yote mgeni akija. Mimi nikikanyaga kabla haijakauka, nachapwa. Leo nimekanyaga kwa ndege!"

Waya Zilpah alimtazama kwa ukali wa mama yeyote. "Basi ni haki uchapwe," alisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kuruka hakukuwezekana mpaka sakafu ikauke, na jua ndilo lililokuwa na ratiba. Mkurugenzi, ambaye ofisini hakuwa na nafasi hata ya kumaliza kikombe, sasa alikuwa na nusu siku nzima na hapakuwa na pa kwenda. Alivua viatu na koti, akakalishwa mezani, akaletewa ngege aliyekaangwa na ugali wa wimbi. Alipomaliza ubavu mmoja wa samaki alimgeukia Nicanor.

"Endelea. Ulikuwa umefika kwenye uji."

"Uji, bwana?"

"Barabara ya Migori. Umesema inakuwa uji."

Nicanor akaendelea, safari hii kwa sentensi zenye mwanzo na mwisho. Alieleza jinsi mwezi wa Aprili walimu wanavyokwama Ndhiwa na lori likazama hadi kwenye taa. Alieleza jinsi ndege inavyorudi Kisumu nusu tupu huku samaki wakioza ufukweni. Bwana Gisiri aliuliza maswali, mengine magumu, na mara mbili alimpinga kweli kweli. "Samaki hawalipi kama abiria," alisema, na Nicanor akajibu kwamba kiti kitupu hakilipi kama samaki. Wanawake walikuwa wamewazunguka, wakisikiliza kama watu walio kwenye mpira.

Ndipo mngurumo ukasikika. Mayaka na Mirumbe walikuwa wanarudi kutoka Migori. Waliona ndege ya mwenzao imekaa kinyume katikati ya uwanja wa kijani, watu wakicheza ngoma kando yake, na Mkurugenzi akiwa pekupeku. Wakaanza kuzunguka juu. Nicanor alikimbilia redio ya ndege yake, akiteleza kila hatua.

"Nicanor! Mmepatwa na nini?" sauti ya Mayaka ilikwaruza. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, Kapteni."

"Amefanyaje?"

"Anakula samaki."

Mkono mpana wenye harufu ya ngege ukamtoa Nicanor redio kiganjani. "Kapteni Mayaka," alisema Bwana Gisiri, "na wewe unaona ninakosea?"

Ndege huko juu ilizunguka mzunguko mzima.

"Bwana Mkurugenzi," alisema Mayaka hatimaye, "redio yangu naona ina... inakatika..."

"Inasikika vizuri sana, Kapteni."

Mzunguko mwingine.

"Basi ndiyo, bwana. Unakosea. Samahani."

"Unakosea mno!" sauti ya Mirumbe ilipasuka nyuma yake. "Na chai irudishwe!"

Bwana Gisiri alirudisha redio mahali pake, akaegemea bawa. Ile ndege ya kina Mayaka ilikuwa inapotelea upande wa Kisumu. Alipozungumza hakuwa anacheka tena.

"Ijumaa sitatia sahihi," alisema. "Sikiliza vizuri, kijana. Sijasema London haipo. Nimesema Ijumaa sitatia. Ndege hizi haziuzwi mpaka mvua za Aprili zipite, na mtabeba hao samaki wenu, nami nitaona. Na kila mwezi tutaketi, ninyi watatu na mimi, kabla sijaamua. Si baada."

Nicanor alitaka kusema ahsante kwa heshima inayostahili. Badala yake alimkumbatia Waya Zilpah, akamwinua juu, na wote wawili wakateleza na kuanguka.

"Niachie, nyathina, mwanangu, unaharibu sakafu!" alipiga kelele Waya, akicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamtoka. "Na muende upesi sasa. Watu wa Migori wanangojea. Nilituma habari kwa dada zangu huko, kwa basi la asubuhi."

Hakuna aliyemuuliza ni habari gani.

Jua lilipokuwa limekwisha kufanya kazi yake, waliruka, Mkurugenzi akiwa amepakata kikapu cha samaki, kwa maana mkoba ulikuwa umewekwa nyuma. Vilima vya Ndhiwa vilipita chini yao, kisha mto Migori ukajitokeza, na Nicanor, aliyekuwa anapiga mluzi bila kujijua, akautafuta uwanja. Mluzi ukamfia midomoni.

Uwanja wa Migori ulikuwa wa kijanijani, laini, unaong'aa. Umati wa wanawake, waliongoja ndege ya mizigo iondoke ndipo wakasiriba, ulikuwa ukipunga ndoo. Maua ya pembezoni yalikuwa makubwa kuliko ya Homa Bay, maana watu wa Migori hawakutaka kushindwa.

Wawili hao walitazamana.

"Mafuta yapo?" aliuliza Bwana Gisiri.

"Yapo ya kutosha, bwana."

Mkurugenzi alikaza mkanda wake, akakisogeza kikapu vizuri magotini.

"Basi zunguka mpaka ikauke," alisema. "Na uniambie ile habari ya chai."