Gaju, Baiskeli Isiyo na Magurudumu

Adolphine aliegemeza baiskeli yake kwenye kibanda cha Jérémie, fundi wa soko la Baraka, akamwambia anatafuta magurudumu mawili. Ya kwake yalichukuliwa na askari wa bariyeri ya njia ya Bibokoboko, siku aliyopita bila samaki wa kuwapa. Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya zamani, rangi ya kahawia nyekundu, yenye breki za raba zinazobana ukingo wa gurudumu.

Jérémie aliitazama ikielea kiganja kimoja juu ya vumbi, akaisukuma kidogo, akaridhika.

"Kutembea iko inatembea muzuri, mama. Shida ni nini?"

"Kusimama."

Fundi akaelewa mara moja. Magurudumu ya baiskeli kubwa nyeusi yalikuwepo, lakini hayakuingia. Ya saizi yake hayakuwa yameonekana Baraka tangu vita vianze.

"Sasa raba zitakamata nini? Upepo?" alisema. "Ngojea vita iishe."

Adolphine hakuwa na subira hiyo. Kule juu mlimani, Bibokoboko, alikaa Kabagwira, aliyempokea mtoto wake wa kwanza siku uchungu ulipomshika safarini. Tangu vita, watu wa ziwani na watu wa ng'ombe waliacha kutembeleana, na Adolphine alimkumbuka rafiki yake mpaka kifua kikamuuma. Akafunga chumvi na samaki wakavu, akapanda.

Bariyerini askari walimwamuru asimame. Aliwaomba radhi akiwa ameshapita, akiwaonyesha magurudumu yake nyuma yao, yameanikiwa soksi.

Kabagwira alikuwa mlangoni. "Adolphine, karibu!"

"Nitakaribia aje? Frein haiko!" Adolphine alijibu akipita, akibana breki bure.

Alitupa chumvi ikaangukia topeni, ndama wakailamba. Baiskeli ikaenda kugeukia juu kwenye mgongo wa mlima, ikashuka hadi ziwani, ikasimama maji yalipofika kwenye pedali. Wakaendelea hivyo kila siku ya soko: habari ikiulizwa wakati wa kupanda, ikijibiwa wakati wa kushuka. Ilikuwa afadhali kuliko kimya, lakini chumvi yote ilikuwa ikiishia kwa ndama.

Siku moja Kabagwira alipaza sauti, akiinyooshea baiskeli kidole, "Kinga yako iko na jina gani?"

Alijibiwa wakati wa kushuka: "Kinga haina jina!"

Kabagwira akatikisa kichwa kwa huruma. Hawa watu wa ziwa, wanaamuru tu, hawaiti. Kwa watu wake, ng'ombe wa rangi ile huitwa Gaju, wala haihitaji kikao.

Siku ya soko iliyofuata alisimama mlangoni bila fimbo, akamwita Gaju kwa sauti ya chini, ile ya kukamulia, akimsifu ngozi, mwendo na mama yake mzazi. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikageuza usukani kuelekea kwake, ikatua majanini. Adolphine akaweka mguu chini. Alilia, akacheka, akashindwa kuchagua.

Walikula, wakanywa maziwa, wakaongea mpaka sauti zikakauka. Kabagwira alipokea chumvi mkononi. Mume wake alikaa mbali, hakuitikia salamu.

Muda si mrefu Florentine, jirani wa Adolphine, alifika uani kwake akiburuta baiskeli yake, naye hana magurudumu. Adolphine hakuuliza ni askari gani, maana walikuwa walewale. Alimpa kiti, akaizunguka ile baiskeli taratibu.

"Hii iko rangi gani wakati inaoshwa?" aliuliza.